Pombe Ameiacha, Kesi Haijamwacha

Ndugu msomaji, watu wengi hudhani kwamba mlevi akishaacha pombe mambo yake yote hunyooka siku hiyo hiyo: afya humrudia, mshahara hufika nyumbani mzima, na majirani huacha kumnong'ona. Mimi nimeshuhudia kinyume chake. Mdogo wangu wa kiume aliacha pombe mwezi Juni mwaka 2021, na taabu zake kubwa zilianza baada ya hapo, kwa kuwa aliiacha siku moja tu baada ya kumgonga mtu kwa gari hali akiwa amelewa. Kwa muda wa miezi minane alikuwa mgonjwa anayejiuguza, na papo hapo mshitakiwa anayengoja hukumu. Hali hizo mbili, kama nitakavyojaribu kukueleza, ni vigumu mno kupatana ndani ya mtu mmoja, maana moja humtaka mtu jambo ambalo nyingine humkataza.

Naandika haya kwa idhini yake. Ameniwekea sharti moja, kwamba nisimtaje jina wala kiwanda alichokuwa akifanyia kazi, nami nimelikubali, maana watoto wake wanasoma darasa moja na watoto wenu.

Mdogo wangu ni fundi wa umeme, mtu hodari wa kazi. Katika ukoo wetu alisifiwa kwa miaka mingi kwa jambo ambalo leo linanitia uchungu kulikumbuka, yaani kwamba "hanywi akalewa." Alikuwa akimaliza chupa nane hunyanyuka kitini, akamwaga kila mtu kwa jina lake, akakumbuka hata kuwaulizia watoto wao. Wajomba zetu walimwonyesha kwa vijana kuwa ni mfano wa mtu anayejua kunywa. Baadaye daktari alitueleza kwamba sifa ile ilikuwa dalili ya maradhi. Mwili uliozoeshwa pombe kwa miaka hujifunza kuificha: miguu haiyumbi, ulimi hautatiziki, lakini damu imejaa kileo vilevile, na macho na mikono huchelewa kuitika pale kitu kinapozuka ghafla mbele ya gari. Mtu anywaye mara moja kwa mwaka, kwenye harusi, hulewa waziwazi, na jamaa zake humnyang'anya funguo. Yule aliyezoea huachiwa funguo zake, na pengine huongezewa na abiria.

Niruhusu nikufanyie hesabu kidogo, maana nimeona watu wenye elimu zao hawaijui. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 5, ina kileo cha gramu 20 hivi. Ini la mtu mzima huondoa kileo kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa moja, wala halikubali kuharakishwa. Kahawa nyeusi, maji baridi ya kichwani, supu ya makongoro, usingizi wa saa mbili, vyote hivyo humfanya mtu ajione mchangamfu tu, lakini ini linaendelea na kazi yake kwa mwendo ule ule. Basi chupa moja huhitaji saa mbili hadi tatu, na mtu aliyekunywa chupa nane hadi saa saba ya usiku huwa bado ana kileo kingi damuni wakati watoto wake wanapokunywa chai. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kikomo kuwa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Haiulizi kama mtu anayumba au hayumbi. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuonekana akiyumba, alipopulizishwa kipimo asubuhi ile alikuwa amezidi kikomo hicho zaidi ya mara mbili.

Ilikuwa Jumapili, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye barabara ya Tabata. Alikuwa amelala kidogo ndani ya gari nje ya baa, akaamka akijiona mzima, akashika usukani. Aliyemgonga ni mama lishe mmoja aliyekuwa akivuka na sufuria yake na mfuko wa mkaa kwenda kuwasha moto kabla wafanyakazi wa zamu ya asubuhi hawajaanza kupita. Mfupa wa paja ulivunjika. Mdogo wangu alisimamisha gari, akashuka, akakaa chini barabarani karibu na mama yule mpaka watu walipofika na baadaye askari wa usalama barabarani. Jambo hilo la kusimama, ndugu msomaji, naomba ulishike, kwani nitalirudia.

Akatiwa mahabusu. Huko ndiko alikoacha pombe, wala hakuiacha kwa ushujaa. Aliiacha kwa sababu mahabusu hawauzi. Jioni ya Jumapili mikono ikaanza kumtetemeka na jasho likamtoka kama mtu mwenye homa. Usiku hakulala. Asubuhi ya Jumatatu akaanguka na kukakamaa, povu mdomoni, na wenzake waliokuwa naye ndani wakapiga kelele kwamba ana kifafa. Namshukuru askari mmoja wa makamo aliyekuwa zamu, ambaye hakusema kwamba mshitakiwa anajifanya mgonjwa. Aliuliza swali moja tu: huyu alikuwa akinywa kila siku? Alipojibiwa ndiyo, akatafuta gari na kumpeleka hospitali.

Daktari alitufahamisha jambo ambalo nadhani linafaa kujulikana katika kila nyumba yenye mnywaji. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatishwa pombe kwa ghafula, yumo hatarini. Mtetemo huanza ndani ya saa chache. Kifafa chaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huweweseka, huona wadudu ukutani na kuzungumza na watu wasiokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Dawa zipo, wala si za ajabu: dawa ya kutuliza inayotolewa na kupunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi wamepungukiwa nayo. Kwa hiyo wale jamaa wanaomfungia mlevi wao chumbani kwa kufuli "mpaka imtoke," hata kama nia yao ni njema, wanacheza na roho ya mtu. Na wale wanaosema "mpe kidogo tu alale," kama alivyosema mjomba wetu mmoja akiwa amesimama kando ya kitanda cha hospitali, sijui niwaweke fungu gani.

Alitoka hospitali baada ya siku sita, akapata dhamana. Mimi na shemeji yake tukaweka sahihi. Kazini alisimamishwa. Ndipo ilipoanza miezi minane niliyokutajia.

Alijiunga na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kwa utaratibu wa Alcoholics Anonymous, ule ulioanzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na watu wawili waliokuwa walevi wenyewe, mmoja mfanya biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji. Utaratibu wenyewe una hatua kumi na mbili. Sitakuchosha kwa kuzitaja zote. Hatua zinazohusu mkasa huu ni zile zinazomtaka mtu akubali bila kificho yale aliyoyatenda, awaorodheshe watu aliowadhuru, kisha aende kwao kuwatengenezea, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawadhuru wao au wengine. Wenye uzoefu husema kwamba mlevi anayeficha jambo moja huwa amejiwekea akiba ya sababu ya kunywa. Iwe ni kweli kwa watu wote au siyo, kwa mdogo wangu ilikuwa kweli. Niliona kwa macho yangu kwamba siku aliyosema uongo, hata uongo mdogo wa kumwambia mtoto kwamba gari limepelekwa gereji, usiku wake alitembea uani mpaka alfajiri.

Sasa tazama upande wa pili. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13, inasema kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Ni kanuni njema, imewaokoa wengi wasio na hatia, nami sitaki mtu anisome vibaya akadhani naidharau. Kwa kanuni hiyo mshitakiwa anaweza kunyamaza na kuuachia upande wa mashitaka mzigo wote wa kuthibitisha. Wakili tuliyemwendea, mtu mwungwana, alimwambia waziwazi: usizungumze na mlalamikaji, usiandike chochote, usimwombe mtu radhi, kwa sababu radhi yako italetwa mahakamani kuwa ushahidi, na kumwendea mama yule kwaweza kuonekana kuwa ni kumtisha shahidi. Alikuwa sahihi kisheria, herufi kwa herufi. Basi mdogo wangu akawa anatoka kwenye kikundi Alhamisi jioni akiwa ameagizwa kusema kweli yote, na Ijumaa asubuhi anatoka kwa wakili akiwa ameagizwa kunyamaza. Dawa yake ilikuwa katika kusema, na usalama wake ulikuwa katika kimya.

Palikuwa na njia ya tatu, nayo aliileta baba mdogo wetu. Baba mdogo alisema yapo mambo yanayoweza "kuzungumzwa": karatasi ya kipimo inaweza kupotea, shahidi anaweza kuhama, na fedha za kazi hiyo ukoo ungechanga. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hainui sauti mbele ya wakwe zake, aliweka chini sinia la chai akasema, "Baba, samahani sana. Hizo fedha kama zipo, mama yule yuko wodini hana hata sabuni." Hakuna aliyezungumza tena jioni ile. Kesho yake wifi yangu alikwenda hospitali na uji na sabuni na kanga mbili, akaenda tena kila wiki hadi mama yule aliporuhusiwa. Wakili alimruhusu, mradi asiguse habari za kesi. Mama yule alipokea uji. Kanga hakuzipokea.

Mashitaka yalisomwa mwezi Julai, wiki chache baada ya mdogo wangu kutoka hospitali, na yalikuwa matatu: kuendesha gari akiwa amelewa, kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha, na kushindwa kusimama baada ya ajali. Siku hiyo mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, na kwa ushauri wa wazee alijibu "si kweli" kwa yote matatu. Kisha kesi ikaanza kutajwa na kuahirishwa. Mara hati ya daktari iliyoambatana na fomu namba 3 ya polisi, ile tunayoiita PF3, haijakamilika. Mara mwendesha mashitaka amepata udhuru. Mara hakimu yuko kwenye semina. Mahakama zina kazi nyingi, najua, na sisemi kwamba kuna mtu aliyefanya makusudi. Lakini nataka ujue kuahirishwa ni kitu gani kwa mtu aliyeacha pombe juzi. Wiki nzima kabla ya tarehe hujiandaa moyoni kwa jambo zito; siku yenyewe huamka alfajiri, huvaa shati lake la heshima, hukaa kwenye benchi saa nne; kisha huambiwa arudi baada ya siku ishirini na moja. Hutoka pale akiwa na uzito ule ule, na nje wapo marafiki wa zamani waliomsindikiza kwa mapenzi kabisa, wanaomwambia twende tukapoze roho. Kesi iliahirishwa mara saba. Mara ya nne alifika mpaka mlango wa baa. Aliyemrudisha ni mzee mmoja wa kikundi, dereva mstaafu, ambaye hakumhubiria neno. Alimwomba tu amsindikize stendi kwa sababu macho yake hayaoni vizuri jioni. Walipofika stendi, mzee akamwomba amsindikize hadi nyumbani. Mbagala yote.

Kuanzia siku hiyo, mtu mmoja wa kikundi alikuwa akikaa naye kwenye benchi kila kesi ilipotajwa. Kama unaye ndugu mwenye hali hii, na huna cha kumsaidia, hilo la benchi halina gharama.

Mwezi Januari mwaka 2022 mdogo wangu aliniambia, "Dada, nataka nikumbushwe mashitaka." Maana yake ni kwamba mshitakiwa huiomba mahakama imsomee tena ili abadili jibu lake. Wakili alimweleza uzito wake: atakayetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa juu ya hatia hiyo, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu, na kifungo ni jambo linalowezekana kabisa. Wazee wakakasirika. Mimi nilimwuliza kitu kimoja, kama anakiri kwa sababu ni kweli au kwa sababu amechoka. Akaomba siku tatu za kufikiri.

Hapa nafika kwenye jambo lililonifundisha kuliko mengine yote. Baada ya siku tatu alikuja akasema yu tayari kukiri yote matatu. Nikamwambia, la tatu linasema hukusimama. Akasema, "Dada, mimi ndiye niliyemvunja. Hayo ya kusimama yana faida gani?" Nilitambua kwamba mtu anayetoka katika ulevi ana ugonjwa mwingine unaomfuata nyuma, nao ni kutaka kupigwa. Amejiona mchafu kwa muda mrefu hata hawezi tena kupima; ukimsomea orodha ya makosa ya mtaa mzima atayaitikia yote. Watu huiita hali hiyo unyenyekevu, lakini mimi naona ni ulevi ule ule uliovaa kanzu, maana mtu bado hataki kuitazama kweli ilivyo. Yule mzee wa Mbagala alimwambia kwa ufupi zaidi kuliko mimi: "Kijana, hesabu ni hesabu. Ukilipa zaidi, hesabu bado haijawa sawa."

Sheria, nayo, ilikuwa imelifikiria jambo hilo zamani. Mwaka 1973 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu wa kupokea jibu la mtu anayekiri, na mahakama zetu zimeufuata tangu hapo. Shitaka husomwa na kuelezwa katika lugha anayoifahamu mshitakiwa. Jibu lake huandikwa, kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha upande wa mashitaka hueleza jinsi mambo yalivyotokea, naye hupewa nafasi ya kuyakubali, kuyakanusha au kuongeza lake. Akikanusha jambo la msingi, jibu la kukiri halisimami tena. Nilipoelezwa hayo nilistaajabu, kwa kuwa nilidhani mahakama hufurahi tu mtu anapokiri ili faili lifungwe. Kumbe ina wajibu wa kumzuia asikiri kilicho zaidi ya kweli. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mambo yote hayo tuliyasikia kwa masikio yetu bila kusubiri mtu atufasirie.

Mwezi Februari mwaka 2022 akasimama kizimbani. Shitaka la kwanza: "Ni kweli, nilikuwa nimelewa." La pili: "Ni kweli, sikumwona kwa sababu ya pombe, nikamvunja mguu." La tatu: akanyamaza kidogo, akanitazama, akasema, "Hilo si kweli. Nilisimama. Nilikaa naye." Mwendesha mashitaka aliomba dakika chache, akapitia maelezo ya mashahidi, na ndani yake mlikuwamo maneno ya mama lishe mwenyewe, aliyoyatoa akiwa wodini, kwamba mtu aliyemgonga alikuwa amekaa kando yake barabarani akilia na kunuka pombe. Shitaka la tatu likaondolewa. Mama yule, ambaye hakutaka kanga zetu, alikuwa amesema kweli kwa ajili yake miezi minane kabla, na yeye asijue.

Kisha hakimu akamwuliza kama ana la kusema ili apunguziwe adhabu. Wakili alieleza habari za hospitali, kikundi, na miezi minane bila pombe. Hakimu, mwanamke mpole wa sauti, alisikiliza mpaka mwisho. Nayaeleza maneno yake kama ninavyoyakumbuka: alisema kwamba mahakama inalizingatia jambo hilo, kwa kuwa mtu aliyeacha pombe ni hatari ndogo zaidi barabarani kuliko asiyeacha, lakini kuacha kwake pombe ni deni alilodaiwa na watoto wake, nao ndio waliolipwa. Mama mwenye mguu uliovunjika bado hajalipwa chochote.

Nimesikia watu wakilaumu maneno hayo kuwa makali. Kwangu mimi yalikuwa sawa. Sisi jamaa wa wagonjwa wa pombe tumejifunza, na tumejifunza kwa haki, kusema kwamba ulevi ni maradhi. Ni maradhi kweli. Lakini nimeona neno hilo likigeuzwa kuwa kitambaa cha kufutia kila kitu, hata damu ya mtu mwingine. Maradhi yaeleza kwa nini mtu ananyanyua chupa ya saba wakati moyo wake unamwambia aache. Hayaelezi ni nani atakayewapikia watoto wa mama lishe kwa miezi minne ambayo hawezi kusimama. Na upande mwingine, wapo wanaosema mlevi ni mhalifu tu, afungwe akanyooke. Hao nawaomba wakumbuke ile asubuhi ya Jumatatu mahabusu, na yule askari mwenye swali moja.

Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi sita, kikageuzwa kuwa huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Leseni ilifutwa kwa miaka mitatu. Akaamriwa kumlipa mama yule fidia ya shilingi milioni moja na nusu. Bima, kama uliwahi kudhani ingesaidia, soma vizuri mkataba wako. Yetu ilikuwa na kifungu kinachosema gari likiendeshwa na mtu mlevi mwenye gari hana madai. Tuliliuza gari kwa bei ya hasara, na fedha zikapita mahakamani hadi mikononi mwa mama yule.

Kwa miezi sita mdogo wangu, fundi wa daraja la kwanza, alifagia na kupiga deki katika zahanati moja chini ya usimamizi wa afisa wa huduma kwa jamii. Wiki za kwanza alijifunika kofia usoni. Kisha muuguzi mmoja akagundua kwamba anaweza kutengeneza feni na swichi, na zahanati ile ikapata fundi wa bure. Kazi kiwandani hakurudishiwa. Leo anatengeneza friji na pasi kwenye kibanda, na kipato chake ni nusu ya kile cha zamani, ijapokuwa wifi yangu asema nusu hiyo inafika nyumbani yote.

Hukumu ilipokwisha kutolewa, marufuku ya wakili nayo ikaisha. Alingoja mwezi mmoja, akamtuma mjumbe wa shina akaulize kama anaweza kwenda kumwona mama yule. Jibu lilichukua wiki mbili. Walikwenda watatu: yeye, mkewe na mjumbe. Mama yule alimkaribisha wifi yangu na mjumbe ndani, akawapa viti. Mdogo wangu alionyeshwa benchi la nje, karibu na jiko la mkaa, akakaa hapo saa nzima. Wakati wa kuondoka mama alitoka nje kwa gongo lake, akasimama mlangoni. Alimwomba radhi. Mama alisema, "Nimesikia," akarudi ndani. Yeye aliporudi nyumbani alitaka tumwambie kama "nimesikia" maana yake amesamehe. Nilimwambia maana yake ni kwamba amesikia.

Mama lishe amerudi kwenye biashara yake, ila hasimami muda mrefu na binti yake ndiye anayebeba sufuria. Mdogo wangu hajaonja pombe tangu Jumapili ile ya Juni 2021, na bado huenda kikundini kila Alhamisi, siku hizi kwa daladala na kwa miguu. Muda wa kufutiwa leseni ulikwisha Februari mwaka 2025. Nilimkumbusha kwamba sasa anaweza kwenda kuomba nyingine. Alisema anajua, tarehe ameiandika ukutani kibandani. Hadi ninapoandika mistari hii hajaenda.